Pikipiki Inayolala Ndani: Kagua Mpira Wake wa Mafuta

Ndugu msomaji, pikipiki yako inalala wapi usiku?

Wengi wetu tuna jibu moja. Inalala ndani. Wezi wapo, na pikipiki ni mali. Basi jioni tunaisukuma, tunaipitisha mlangoni, tunaiegemeza karibu na magunia ya mahindi. Wengine wanailaza chumba kimoja na watoto. Kisha tunafunga mlango na madirisha. Tunawasha koroboi. Tunapika.

Sasa fikiri kidogo. Ndani ya tangi la pikipiki hiyo mna petroli, pengine lita 5, pengine lita 8. Kinachozuia petroli hiyo isimwagike sakafuni ni koki moja ndogo na kipande cha mpira. Kipande chenyewe mara nyingi hakizidi urefu wa shubiri moja. Mpira huo ukiwa mzima, mnalala salama. Ukiwa umepasuka na koki iko wazi, mnalala na moto unaosubiri kiberiti.

Mimi ni bwana shamba. Si fundi wa gereji. Lakini kazi ya kuzungukia vijiji imenipandisha pikipiki kuukuu nyingi, nyingine zikiwa zimepita mikononi mwa wenzangu watatu au wanne kabla ya kunifikia mimi. Nimepanda Honda XL 125. Nimepanda Yamaha AG 100, ile yenye kibebeo mbele na kingine nyuma, iliyotengenezwa kwa kazi za shamba. Kosa ninalotaka kukueleza leo nililifanya mwenyewe, kwa mikono yangu.

Mpira wa mafuta wa pikipiki yangu ulikuwa umechakaa. Dukani hapakuwa na mpira mwingine. Rafiki mmoja akanipa kipande cha mrija wa dripu, ule wa kuwekea wagonjwa maji. Nikaufunga. Niliufurahia sana, kwa sababu ni mweupe na unaona petroli inavyopita ndani. Tena sikuulipia hata senti moja.

Hazikupita wiki nyingi mrija ule ukageuka rangi ukawa wa manjano. Ukawa mgumu kama ganda la harage lililokauka. Niliona, nikasema nitaubadili siku ya mnada. Usiku mmoja nikaingiza pikipiki ndani kama kawaida, na sikufunga koki. Saa 11 alfajiri mke wangu aliamka kupika uji wa watoto. Alipokuwa anapapasa kiberiti, alinusa. Akaniita, "Baba, amka! Usiwashe kitu!" Mrija ulikuwa umechomoka kwenye mdomo wa kabureta. Petroli ilikuwa imetapakaa sakafuni mpaka karibu na mkeka wa watoto.

Tulifungua milango, tukatoa watoto, tukatoa pikipiki. Hakuna aliyeungua. Lakini kama mke wangu angekuwa na mafua asubuhi ile, nadhani nisingekuwa naandika habari hii.

HARUFU YA PETROLI INATAMBAA CHINI

Petroli iliyomwagika haikai kimya. Inageuka mvuke. Mvuke huo huuoni, lakini ni mzito kuliko hewa. Moshi wa kuni unapanda darini. Mvuke wa petroli unashuka na kutambaa sakafuni, kama ukungu unavyotambaa bondeni. Unaweza kutoka kwenye pikipiki iliyoko sebuleni ukafika kwenye mafiga yaliyoko jikoni. Ukikutana na kaa la moto, moto unarudi mbio mpaka pale petroli ilipo. Ndiyo maana mtu anasema, "Nilikuwa mbali na pikipiki, sijui moto ulitokea wapi."

Pia piga hesabu ya mfuko wako. Mpira unaodondosha tone moja kila sekunde, kwa usiku wa saa 12 utadondosha matone 43,200. Hata tukisema matone 40 ndiyo yanajaza mililita moja, hiyo ni zaidi ya lita moja kwa usiku mmoja. Mtu anamlaumu mwanawe kwamba ameiba mafuta, kumbe mwizi ni mpira.

MPIRA HUU UKO WAPI?

Piga magoti upande wa pikipiki yako. Chini ya tangi utaona koki ya mafuta. Katika pikipiki nyingi za zamani koki ina alama tatu: moja ya kufungua, moja ya kufunga, na moja ya akiba. Kwenye koki kunatoka mpira. Fuata mpira huo kwa kidole. Utafika kwenye kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye injini. Huo ndio mpira wa mafuta.

Usichanganye na mipira mingine. Kabureta ina mipira mingine midogo inayoning'inia kuelekea chini, na mwisho wake uko wazi. Hiyo ni ya kupumua na ya kumwaga petroli iliyozidi. Nitaieleza baadaye, kwa sababu watu wengi wanaikosea adabu. Baadhi ya koki zina mpira wa pili mwembamba unaokwenda kwenye injini. Huo unavuta hewa ili kufungua koki injini inapowaka. Ukiona mipira miwili kwenye koki, weka alama ya uzi kwenye mmoja kabla ya kuchomoa.

Tena kuna pikipiki zenye tangi dogo la oili ya kuchoma, kama ile AG 100. Mpira unaotoka kwenye tangi hilo unapeleka oili kwenye pampu yake. Usiuguse bila sababu. Hewa ikiingia katika mpira huo, pampu inasukuma hewa badala ya oili, na pistoni inakauka na kukwama. Ukiuchomoa kwa bahati mbaya, mwite fundi atoe hewa kwanza.

Maelezo yangu ni ya pikipiki za zamani zenye kabureta. Pikipiki mpya nyingine zina pampu ndani ya tangi inayosukuma petroli kwa nguvu. Hizo mpira wake ni wa namna nyingine. Mpelekee fundi.

UTAJUAJE KAMA MPIRA UMECHOKA?

Ukunje kidogo kwa vidole. Ukiona nyufa, kama shamba la mpunga lililokauka, umechoka. Ukiwa mgumu haukunjiki, umechoka. Ukiwa umevimba, laini kama ndizi mbivu, umechoka pia. Tazama hasa sehemu mbili za mwisho, pale mpira unapovaa mdomo wa koki na mdomo wa kabureta. Nyufa huanzia hapo, chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Pitisha kidole chini ya kila mwisho, kisha unuse kidole chako.

Mpira unaweza kuonekana mzima kwa nje na ukawa unaoza ndani. Vipande vyeusi vidogo kama unga wa mkaa vinaingia kwenye kabureta na kuziba vitundu vyake. Pikipiki inakuwa na kikohozi. Fundi anasafisha kabureta leo, na wiki ijayo anasafisha tena. Kabla hujamlipa mara ya tatu, mwambie auangalie mpira.

Lakini si kila pikipiki inayozimika njiani ina mpira mbovu. Pikipiki ikienda kilomita chache ikazimika, kisha ukisubiri inawaka, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia sauti ya "sss" kama tangi linavuta pumzi, tatizo ni kifuniko. Kina kitundu cha kupitishia hewa. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie mahali pake. Kitundu kikizibwa na vumbi au matope, petroli haishuki. Wako wanaoweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili mvua isiingie. Wanaziba pumzi ya tangi. Kitoe. Badilisha mpira wa kifuniko ukiwa umechakaa.

MPIRA GANI UNUNUE?

Nenda dukani na kipande cha mpira wa zamani mfukoni. Mwambie muuzaji unataka mpira wa petroli. Usiseme "mpira wa pikipiki" tu, maana anaweza kukupa wa pampu ya kujazia upepo. Upana wa tundu ndio muhimu kuliko unene wa nje. Mpira wa tundu pana utavuja hata ukiubana kwa klipu tatu. Mpira wa tundu dogo kupita kiasi ukiulazimisha utapasuka mwishoni.

Mrija wa dripu haufai. Mpira mweupe wa maji haufai. Petroli inanyonya kile kilichoufanya uwe laini, nao unabaki mgumu, unasinyaa na kupasuka. Mkanda wa tyubu ya baiskeli haufai kabisa. Petroli inaulainisha na kuuvimbisha. Nimewaona watu wanafunga sehemu inayovuja kwa mkanda wa tyubu na wanakwenda zao. Wanakwenda, ndiyo, lakini si mbali.

Kama una shaka na mpira ulionunua, ujaribu. Kata kipande cha urefu wa kidole kimoja, na kipande kingine sawa nacho. Kimoja kitumbukize kwenye kopo la bati lenye petroli kidogo na mfuniko. Liweke nje ya nyumba, mbali na watoto. Kesho yake kitoe ukilinganishe na kile kikavu. Kikiwa kimevimba sana, au kimekuwa laini cha kunata, au kimekuwa kigumu, au petroli imegeuka rangi, mrudishie mwenye duka.

Nunua na klipu mbili. Usitumie waya wa kufungia uzio. Waya unakata mpira polepole kama uzi unavyokata ugali, na hubani sawa pande zote.

KABLA YA KUANZA

Fanya kazi hii nje, mchana, kwenye kivuli chenye upepo. Injini iwe imepoa kabisa. Usifanye mara tu baada ya kutoka safari, maana bomba la moshi linabaki na joto kwa muda mrefu. Hakuna kuvuta sigara. Hakuna jiko la mkaa karibu. Watoto wakae mbali, na yule kijana anayependa kutazama ufundi huku sigara ikiwa mdomoni, mfukuze bila haya.

Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu. Petroli ikiwaka, usimwage maji. Petroli inaelea juu ya maji, na maji yatautawanya moto. Mwagia mchanga. Nguo ya mtu ikishika moto, asikimbie. Alale chini na abiringike. Sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni zahanati. Msimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala yai.

Vifaa si vingi: koleo, bisibisi, wembe mpya, kitambaa safi, kopo la bati, na kipande cha kamba.

KUTOA MPIRA WA ZAMANI

Funga koki. Toa ufunguo. Futa vumbi na matope kuzunguka koki na kabureta. Wengi wanaruka hatua hii, na mchanga unaanguka ndani ya mdomo wa kabureta.

Weka kopo chini. Bana klipu kwa koleo uisogeze katikati ya mpira. Anza na upande wa kabureta. Zungusha mpira kushoto na kulia huku unauvuta polepole. Usiuvute kwa hasira. Mdomo wa kabureta ni mwembamba, na ukivunjika gharama yake si ya mpira tena. Mpira ukigoma, upasue kwa urefu kwa wembe, taratibu, bila kukwaruza mdomo. Petroli iliyobaki ndani ya mpira itamwagikia kopo. Sasa chomoa na upande wa koki.

Kabla ya kufunga mpira mpya, pima koki. Shikilia kopo chini yake, fungua kidogo, tazama. Petroli itoke kwa mkondo ulio sawa, bila kukatika. Ikitoka kwa matone tu, chujio la koki limeziba, au kifuniko cha tangi kimeziba kama nilivyosema. Kisha funga koki na usubiri. Ikiendelea kudondosha ingawa umeifunga, mpira mpya hautakusaidia. Koki yenyewe imekwisha, au mipira yake ya ndani. Hiyo itengenezwe kwanza.

Liache kopo litulie, halafu uchungulie. Ukiona matone yanayocheza chini kama shanga, hayo ni maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini. Ukiona unga mwekundu, tangi lina kutu. Kwa tangi la namna hiyo ni vizuri kuweka chujio dogo kwenye mpira.

NJIA YA MPIRA

Ndugu msomaji, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaharibu. Wananunua mpira mzuri, wanaupitisha njia mbaya.

Kumbuka kwamba katika pikipiki hizi hakuna pampu. Petroli inashuka kwa uzito wake, kama maji yanavyoshuka kwenye mfereji kwenda shambani. Wewe mkulima unajua: mfereji haupandi kilima. Basi mpira ushuke tangu koki mpaka kabureta. Ukiupitisha ukapanda kisha ukashuka, hewa inajikusanya pale juu na kuzuia petroli. Pikipiki inawaka, inakwenda, ikipanda mlima na mzigo inakosa nguvu. Ukiuacha ukaning'inia kama tumbo, maji na uchafu vinakaa pale chini kwenye tumbo.

Usiupime kwa macho. Chukua kamba. Ipitishe njia ile ile ambayo mpira utapita, kutoka mdomo wa koki mpaka mdomo wa kabureta, kwa mpindo mpole. Ongeza upana wa vidole viwili kwa ajili ya kuvaa midomo yote miwili. Kata hapo. Ukikata mfupi, mpira utakuwa umekaza, na mtikisiko wa barabara utauchomoa. Ukikata mrefu, utajikunja na kujibana wenyewe. Kata mrefu kidogo kwanza, ujaribu, ndipo upunguze. Kuongeza huwezi.

Angalia majirani wa mpira huo. Usiguse silinda ya injini wala mapezi yake. Usiguse bomba la moshi. Katika baadhi ya pikipiki za njia mbovu bomba la moshi linapanda juu, linapita karibu na tangi. Hapo uwe mwangalifu mara mbili. Usipite juu ya waya unaovutwa unapoongeza moto, maana waya huo unatembea kila wakati na utaukwangua. Usipite kwenye ukingo mkali wa chuma. Kama umeinua tangi, angalia wakati wa kulirudisha lisikalie mpira. Tangi likikalia mpira, petroli inapita kidogo kidogo, nawe utatafuta ugonjwa kwenye plagi, na kwenye kabureta, na kwa jirani mwenye wivu.

KUFUNGA MPIRA MPYA

Kata ncha iliyonyooka, si ya mshazari. Puliza ndani ya mpira mpya ili vumbi litoke. Mpira mpya tu! Usiweke mdomo kwenye mpira wa zamani, na kamwe usinyonye petroli kwa mdomo unapotaka kuihamisha. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaweza kuua. Mtu akiimeza, msimtapishe. Mpelekeni zahanati upesi.

Vaa klipu zote mbili kwenye mpira kabla ya kuufunga. Mimi nimewahi kusahau, nikachomoa tena. Lowesha ncha kwa tone la petroli, usitumie grisi, kisha sukuma mpira kwenye mdomo wa koki mpaka mwisho. Mdomo una kinundu. Mpira uvuke kinundu hicho, na klipu ikae nyuma yake. Klipu ikikaa juu ya kinundu au mbele yake, itateleza. Fanya hivyo hivyo kwenye kabureta.

Kama unaweka chujio, tazama mshale ulioandikwa juu yake. Mshale uelekee kwenye kabureta. Kata mpira katikati, weka chujio, na utumie klipu nne badala ya mbili. Chukua chujio la pikipiki. La gari mara nyingi linahitaji pampu, na petroli inayoshuka yenyewe inaweza kushindwa kupita vizuri. Ukiona chujio limejaa nusu tu, usihangaike. Kama pikipiki inavuta vizuri, liache.

ILE MIPIRA INAYONING'INIA

Niliahidi kurudi hapa. Chini ya kabureta kuna mpira wa kumwaga. Petroli ikizidi ndani ya kabureta inatoka hapo. Mtu akiona petroli inatoka, anasema mpira umeharibika. Anaukunja na kuufunga kwa uzi, au anauziba kwa kijiti. Ndugu yangu, hilo ni kosa kubwa. Mpira huo unakupa taarifa kwamba boya la kabureta limekwama, au sindano yake ina uchafu. Ukiuziba, petroli inaweza kuingia kwenye injini na kuchanganyika na oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji na injini inajisaga. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Ukisikia petroli, usiwashe. Mwaga oili hiyo, utengeneze kabureta, ndipo uweke mpya.

Mipira ya kupumua nayo iwe wazi. Nyigu wanapenda kujenga kwa udongo ndani ya matundu madogo, na pikipiki iliyokaa bila kutembea ni nyumba nzuri kwao. Kagua ncha za mipira. Ipitishe nyuma ya injini, mbali na bomba la moshi na mnyororo. Na unapovuka mto, kumbuka kwamba ncha ya mpira wa kupumua ikizama majini, injini inaweza kuzimika katikati ya maji. Pima kina kwa fimbo kwanza.

JARIBU KABLA YA KUPAKIA MTU

Fungua koki, lakini usipige kiki. Tandika karatasi kavu chini ya pikipiki. Kipande cha gazeti kinafaa, ila si hili kabla jirani yako hajalisoma. Subiri dakika 10. Tone moja tu la petroli litaacha alama. Papasa ncha zote mbili kwa kidole kikavu na unuse.

Kukiwa kukavu, futa petroli yote iliyomwagika wakati wa kazi, anika kitambaa nje, na acha upepo upite. Kama nguo yako imelowa petroli, badili kabla ya kwenda jikoni. Ndipo uwashe. Injini ikiwaka, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Mwambie mtu akalie kiti na kurukaruka kidogo. Tazama kama mpira unavutwa au unabanwa. Tembea mpaka kisimani na kurudi, kisha ukague tena.

Petroli iliyobaki kwenye kopo usiimwage chooni. Mvuke wake ukijaa shimoni, mtu atakayeingia na sigara au koroboi yuko hatarini. Usiiweke kwenye chupa ya maji au ya soda pia. Mtoto mwenye kiu hasomi. Iache itulie, chuja ile safi ya juu kwa kitambaa, uirudishe kwenye tangi.

Usiku wa kwanza usiiingize pikipiki ndani. Ifunge kwa mnyororo kwenye mti karibu na dirisha, koki ikiwa imefungwa, na gazeti chini yake likiwa limewekewa jiwe. Alfajiri, kabla mama hajawasha moto, toka ukalitazame gazeti lile. Likiwa na umande wote sawasawa, nusa. Likiwa na doa moja chini ya koki au chini ya kabureta, kaza klipu ya upande huo, na pikipiki ilale nje usiku mwingine.

Hata itakaporudi ndani, mkono wako upitie koki kwanza kila jioni, ndipo ufikie mlango.